Usingizi wa Koplo Mutua

Mama mmoja wa makamo alinijia hapa nyumbani Mjambere, nikiwa barazani nachambua mchele. Alivua viatu kabla sijamkaribisha, akanipa shikamoo, kisha akauliza, "Ndiwe Danieli mkalimani?" Tangu nianze kuota mvi hakuna aliyeniita hivyo, na nilikawia kuitika hata akadhani amekosea nyumba. Alikuwa bintiye Koplo Mutua. Baba yake amefariki, alizikwa Machakos wiki tatu zilizopita, na kabla ya kwenda alisema kuwa huko Mombasa, upande wa bara, yuko mtu aliyemrudishia usingizi wake baada ya vita. "Sisi watoto hatukumwelewa," akasema yule mama. "Kwetu baba alikuwa mtu wa kulala sana. Alikuwa analala hata kanisani." Nilicheka, kisha nikashindwa kumweleza. Mimi si mtu wa kuzungumza, sijawa hata leo. Nilimpa chai na mahamri, nikamwambia mambo nusunusu, akaondoka na nusu hizo. Jioni ile nilitoa daftari zangu za zamani sandukuni, zile nilizoandika nikiwa na miaka kumi na saba, nikaona afadhali nimwandikie yote.

Mwaka uliofuata kwisha kwa Vita Vikuu vya Pili nilikuwa nimesoma miaka miwili ya sekondari, na wa tatu nikawa naungoja, karo haijapatikana. Changamwe kulikuwa na kambi ya askari waliorudi wagonjwa, na katika kambi hiyo banda moja la watu ambao miili yao ilikuwa mizima. Walikuwa kumi na mmoja. Mmoja hakuzungumza, mmoja alitetemeka mkono wa kulia tu, mmoja alikula chini ya kitanda. Siku hizi wajukuu zangu wana neno la maradhi haya, wanasema kiwewe. Sisi tulisema wameshikwa. Daktari wao alikuwa Meja mmoja Mwingereza, mwembamba, mwenye kuongea taratibu hata askari wakamwita Bwana Polepole, naye alitafuta mtu wa kumtafsiria. Walijaribiwa watu sita kabla yangu. Mimi nilijibu swali lake la kwanza kwa sauti ndogo, nikitazama viatu vyangu, naye akaniambia niseme tena, vilevile, nisiipandishe. Nikapata kazi. Daftari yangu ya siku hiyo inasema: "Nimechaguliwa kwa sababu ya aibu yangu. Sijui nifurahi au nilie."

Chumba chetu cha kazi kilikuwa stoo ya unga. Magunia yalikuwa yameondolewa, lakini unga ulibaki katika nyufa za mbao, na upepo ukivuma sote tulitoka weupe kope. Palikuwa na kitanda kimoja cha kamba, viti viwili, na dirisha lililowekwa kitambaa cha marekani ili mwanga usichome. Mgonjwa alilala chali. Daktari alishika kifungo cha shaba kilichofungwa uzi, akakiinua juu kidogo ya macho yake, akaanza kusema kwa Kiingereza, na mimi nikafuata kwa Kiswahili: kope zako nzito, mikono yako mizito, pumzi yako yaenda na kurudi. Mgonjwa akiisha kuzama, daktari alimrudisha taratibu kwenye ile siku iliyomvunja, akamwacha aione na aiseme, yeye akiwa kando yake, kisha akamtoa. Alinieleza kwamba usingizi peke yake hauponyi kitu. Usingizi ni mlango tu, kazi iko ndani. Leo wanaita hipnosia. Watu wa kambi walisema Bwana Polepole anapunga pepo bila ngoma, na kwamba mimi ndiye ngoma yenyewe.

Taabu ilianzia kwenye maneno. Mimi nililelewa na watu wanaoamini Kiswahili ni chetu, wengine wote wameazima, na nilikwenda pale na kiburi cha aina hiyo, ingawa kwa nje nilikuwa kama kuku aliyenyeshewa. Mgonjwa wa kwanza nilimwambia, "Sasa lala." Alijirusha kutoka kitandani akaanguka kifudifudi, mikono kichwani. Jeshini neno hilo ni amri ya kuanguka chini risasi zinapokuja. Wa pili nikambadilishia, "Pumzika." Akasimama wima, akatanua miguu, akaweka mikono nyuma, macho yamefumba. Wa tatu nikasema, "Sinzia kidogo," naye akafumbua macho akalia, "Sikusinzia, afande! Wallahi sikusinzia!" Jeshi lilikuwa limechukua maneno yote ya kitanda likayapeleka zamu. Mzee Hamisi, dresa wa kufunga vidonda pale bandani, mtu wa Likoni mwenye tumbo na mzaha, alikuwa akisikiliza mlangoni. "Msomi," akaniambia, "wewe ulisomea Kiswahili cha watu waliolala. Hawa hawajalala mwaka wa tatu huu."

Koplo Mutua alikuwa wa mwisho kuletwa. Alikuwa Mkamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa aliyoiweka magotini kama vitu vya mtu mwingine. Mkamba mwenziwe pale bandani hakuwapo, wote walikuwa wameshapelekwa kwao. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: halali. Alikaa ukingoni mwa kitanda mchana kutwa na usiku kucha, na kichwa kikimwangukia alijifinya paja. Paja lile lilikuwa jeusi. "Mimi hapana mgonjwa," alituambia, kwa Kiswahili chake cha jeshi. "Mimi iko macho tu." Hamisi alimletea mkate wa mofa aliokuja nao kutoka kwake, akamkalia hapo mpaka aumalize, akimsimulia uongo wa papa aliyeingia kwenye feri akakataa kulipa nauli. Mutua alikula na kucheka mahali panapostahili, kisha akarudi kujifinya.

Alipolazwa stooni alizama upesi kuliko wote, maana mwili wake ulikuwa na njaa ya usingizi. Lakini kila alipofika mlangoni, pale ambapo pumzi inabadilika, mkono wake wa kulia uliinuka, ukashuka juu ya mto, ukaukandamiza, na midomo ikaanza kunong'ona: "Koma. Koma. Koma." Kisha alishtuka, akarukia ukutani, akatutazama kama tuliomtoa majini. Ilikuwa hivyo mara tatu, siku tatu mbalimbali. Daktari aliniuliza, "Anasema nini?" Mimi nikamjibu bila kufikiri, kwa sababu hilo ni neno ninalolijua tangu nikiwa mtoto mtundu: anamwambia mtu aache. Acha, koma, usirudie. Daktari akaandika. Nilimwona akiutazama ule mto uliokandamizwa, kisha akaandika tena. Usiku nami nikaandika langu: "Koplo Mutua alimnyonga mtu. Alimziba pumzi huku akimwambia akome. Mikono yake naiogopa."

Hamisi alikuwa na tafsiri yake. Kwao Wadigo koma ni mizimu, wazee waliokufa ambao hawajatulia. "Sikiza, Danieli," aliniambia tukinywa chai nyuma ya banda. "Huyu si mgonjwa. Koma zamsimamia. Kuna mtu wake hakufanyiwa hitima, hakufanyiwa matanga, hakufanyiwa chochote. Mwambie Bwana Polepole amchinje mbuzi." Mimi, msomi, nilimcheka. Nilimwambia hilo ni neno tu la kukemea, kila mtu alijua. Hamisi akaninyang'anya kipande changu cha mkate. "Haya, kila mtu," akasema. "Mimi si mtu."

Nilikuwa nimepanga kitanda katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa bwana mmoja wa Ukambani aliyekuwa mpiga nyundo karakana. Chumba kiligawanywa kwa pazia la magunia. Upande mmoja mimi na baiskeli, upande wa pili yeye, mkewe Mama Nduku, na mtoto wa miezi michache. Mama Nduku alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, akanipakulia nami kwa shilingi chache za mwezi, na kwa kuwa nilikuwa naona haya kula mbele yake alinipitishia sahani chini ya pazia. Nililipenda pazia lile. Lakini mwanamke mwenyewe nilimhukumu. Hukumu hiyo nimeisoma tena daftarini juzi, imeandikwa kwa wino mzito wa mtu asiye na mashaka: "Mama Nduku ni mwema kwangu lakini ni mkali mno kwa mtoto. Kitoto kichanga kikilia, hukikemea. Mama gani huyu?"

Wiki ya mwisho ya mwezi huo ilikuja barua kwamba bodi ya maofisa itafika Jumatatu. Ingewasikiliza wote kumi na mmoja: wa kwenda nyumbani, wa kubaki, na wa kupelekwa hospitali ya wendawazimu huko bara. Daktari alinisomea rasimu yake ili tukubaliane maneno. Ya Mutua ilikuwa fupi. Haponi kwa njia tuliyoijaribu, hukumbuka tendo la kumnyonga mtu akimwamuru aache, huenda akawa hatari kwa mke na watoto. Kwa hivyo apelekwe bara. Watu waliopelekwa kule tulikuwa hatujaona arudiye. Niliinamisha kichwa, nikasema "Ndiyo, Bwana Daktari," nikaenda zangu kula.

Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana, jua la kuyeyusha lami. Sahani ilipita chini ya pazia. Nilikuwa na tonge la pili mdomoni mtoto alipoanza kulia, na Mama Nduku akaanza ukali wake, kwa sauti ya chini, tena na tena. Nadhani ni ile sauti iliyonishika. Nilikuwa nimeisikia stooni asubuhi ile, ndogo vilevile, taratibu vilevile. Sikumbuki nilipata wapi ujasiri wa kufunua pazia.

"Mama Nduku, mbona wamgombeza mtoto?"

"Nani, mimi? Nimgombeze?"

"Kila siku wamwambia akome."

Alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akaangua kicheko hadi akamshika mtoto kichwa asimshtue. "Baba Nduku! Njoo usikie Mswahili!" Akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Kwetu koma ni lala, Danieli. Namwambia, lala, lala. Wewe siku zote ulifikiri namfanya nini?"

Sikumaliza muthokoi ile. Nilitembea hadi kambini nikitaka kukimbia na nikiogopa kufika. Njia nzima niliuona ule mkono, na safari hii haukuwa unakandamiza. Ulikuwa umewekwa. Nilijua pia kwamba nikisema, nitafukuzwa, na karo ya mwaka wa tatu imekwenda. Nasema haya kwa kuwa niliahidi kumwandikia binti yake yote: nilizunguka lile banda mara mbili. Mara ya pili nilimwona Mutua kwa tundu la makuti, amekaa ukingoni mwa kitanda, anafinya paja.

Daktari alikuwa anakula yai la kuchemsha. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikitazama chumvi yake. Sikupata kusema Kiingereza kibovu kama siku ile. Alikiacha kijiko, nami nikangoja nifukuzwe. Aliposema, alisema hivi: kwamba mimi nilimpa neno moja, lakini ile hadithi ya kunyonga aliitunga mwenyewe, kwa kuwa aliuona mkono na akataka neno lifanane nao, na kwamba alinisikia nikisema upesi mno na hakuniuliza nimelijuaje. Kisha akanyoosha mstari katikati ya rasimu, akaandika pembeni kuwa tafsiri ilikosewa, na akanitaka nitie sahihi. Sahihi yangu ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Basi tumekuwa tukimwambia afanye kitu kilekile anachokiogopa," akasema. "Kesho hatutamwambia alale. Mwambie atakesha."

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, kifungo kikainuka. Nilimwambia Mutua maneno ambayo daktari hakuwahi kumwambia mtu mwingine: wewe huendi kulala, Koplo. Wewe uko zamu. Macho yafumbe, masikio yako yatakesha. Mwili ukae, wewe kesha. Mimi niko hapa, na Bwana Daktari yuko hapa, tuko zamu watatu. Pumzi ikabadilika. Mkono ukainuka, ukashuka juu ya mto, midomo ikaanza. Daktari akanigusa bega, nikauliza, kwa sauti yangu ileile ya viatu, "Unamlaza nani, Koplo?"

Hakuruka. Machozi yalitoka pembeni mwa macho yaliyofumba yakaingia masikioni. "Kyalo," akasema.

Alisema kwa vipande, na mimi nikavipokeza. Walikuwa Bama, Burma ya vitabuni, msituni, mvua siku ya sita. Kyalo alikuwa wa kijiji cha jirani na kwao, waliandikwa jeshini siku moja. Alipigwa tumboni. Wabeba machela hawakuweza kupita mpaka asubuhi. Alilia maji, na mtu wa tumbo haruhusiwi maji. "Mimi naweka mkono juu ya macho yake. Mimi nasema, koma. Nasema, lala wewe, mimi nitaangalia, asubuhi nitakuamsha. Yeye nasikia mimi. Yeye nalala." Kiganja chake kikaupapasa mto. "Asubuhi mimi naamsha. Naamsha. Mimi ndiyo nilimwambia alale."

Daktari alimwuliza jeraha lilikuwa wapi hasa, upana gani, damu ya rangi gani. Mutua alijibu yote, kama koplo anavyotoa ripoti. Kisha Bwana Polepole akasema taratibu kuliko siku zote, nami nikamfuata: "Koplo, mimi ni daktari. Mtu mwenye jeraha hilo, mahali hapo, asingeiona jioni ya siku ya pili. Angelala au asingelala. Usingizi haukumuua. Kitu kilichomuua kilikuwa ndani ya tumbo lake. Wewe ulimpunguzia masaa ya kuumia. Zamu yako uliimaliza asubuhi ile. Hakuna aliyekuja kukubadilisha. Sasa nakubadilisha mimi." Tukamngoja. Mkono ukatoka kwenye mto wenyewe, ukaanguka kando, na Koplo Mutua akageukia ukuta, akakunja magoti, akakoroma.

Alilala siku hiyo yote na ya pili yake hadi alasiri. Stoo ilikuwa yake. Hamisi aliweka kiti mlangoni, ufagio mapajani, na kila aliyepita na buti alitishiwa kuvunjwa mguu, ofisa mmoja akiwa ndani ya hesabu. "Kohoa kwenu," aliniambia mimi nilipokaribia. Nikamweleza maana ya lile neno. Alifikiri. "Lakini alikuwako maiti, au hakuwako?" akauliza. Nikasema alikuwako. "Na hakutulia, au alitulia?" Nikasema hakutulia. "Haya," akasema Hamisi. "Nani msomi?"

Bodi haikumweka Mutua hata dakika kumi. Waliuliza jina, kikosi, kama anasikia sauti, kama anakula. Wakapiga muhuri: nyumbani. Nilifurahi kama mtu aliyeponea, na kweli niliponea. Lakini daktari hakufurahi bado. Alisema kuwa mambo ambayo mtu ameyasema macho yakiwa yamefumba, lazima aweze kuyasema yakiwa wazi, ama sivyo tumeyahamisha tu chumba. Akamwuliza Mutua, bila kifungo, ni kitu gani anachokihofia huko aendako. Mutua akasema anahofia mwanamke mmoja. Mama yake Kyalo. Nyumba yake iko njiani, hakuna njia nyingine, lazima apite mlangoni pake.

"Basi fanyeni mazoezi," daktari akasema, akatoka, akatuachia stoo.

Tulikaa kwenye viti viwili tukitazamana, unga ukitutua mabegani. Treni yake ilikuwa ya saa kumi. "Wewe kuwa yeye," akaniambia. "Uliza mimi." Nilitaka kufa kwa aibu. Siku zote nilikuwa nasema maneno ya watu wengine. Hapa hapakuwa na mtu wa kunitangulia. Nikakusanya mikono mapajani kama nilivyoona akina mama wakikaa matangani, nikamwuliza, "Mwanangu umemwacha wapi?"

Alinieleza, macho wazi. Mvua, tumbo, maji aliyomnyima, mkono, lile neno. Alisimama mara mbili, akameza mate, akaendelea. Alipofika asubuhi aliningoja mimi. Sikujua mama aliyefiwa asema nini. Nikasema kitu pekee kilichonijia. "Pole, mwanangu. Ingia ndani. Umekula?"

Mutua akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka pasipo uongo wa Hamisi, na alikuwa akilia pia. "Hapana, Danieli. Hapana. Wewe hapana jua mama ya Kyalo. Yeye mkali kama pilipili. Chakula baadaye. Kwanza atauliza kama alizikwa."

"Alizikwa?"

"Alizikwa. Mimi nilichimba. Kwa mess-tin ya chakula na mikono." Alinionyesha, akaitazama mikono ile kama aliyokabidhiwa sasa hivi. "Kichwa kwa upande wa jua kutoka."

Akajifuta uso, akanyoosha shati, akasogeza kiti chake nyuma hadi kikagusa mlango, kama mtu anayefika kutoka njiani.

"Uliza tena," akasema. "Toka mwanzo."

Tulirudia mara nne. Mara ya nne hakutazama chini hata kidogo.